KIMENG'ENYA KISICHOMWAGWA
Namna viwanda vya chakula vilivyojifunza kuitumia tena mali iliyokuwa ikipotea

Katika kila jiko vimo vimeng'enya vinavyofanya kazi, ijapokuwa ni wachache wanaovijua kwa jina. Mama akitaka kulainisha nyama ya ng'ombe aliyezeeka huifunika kwa majani ya mpapai, au huipaka utomvu wa papai bichi, na baada ya muda nyama iliyokuwa ngumu kama soli ya kiatu cha gwaride hulegea. Mpika pombe huloweka ulezi, akauacha uchipue, akauanika na kuusaga uwe kimea, kisha akautia katika uji mzito. Na uji ule hugeuka mwepesi na mtamu kabla hata hamira haijaanza kazi yake. Nawe msomaji, ukilitafuna tonge la ugali taratibu bila mboga, utaona laanza kuwa tamu mdomoni, kwa sababu mate yako yana kimeng'enya kiwezacho kuukata wanga kuwa sukari.

Vimeng'enya, ambavyo wengine huviita enzaimu, ni protini zenye umbo maalumu zinazotengenezwa na kila kiumbe hai, tangu bakteria hadi tembo. Kila kimoja kina kazi yake na hakijui nyingine: cha papai hukata protini, cha kimea hukata wanga, cha tumbo la ndama hugandisha maziwa. Nacho kina sifa moja ya ajabu ambayo ndiyo chanzo cha makala haya. Kimeng'enya hakiliwi na kazi yake. Kuni zikipika chakula huwa majivu, lakini kimeng'enya kikimaliza kukata kipande kimoja huachana nacho na kushika kingine, tena na tena, mara nyingi katika nukta moja, nacho hubaki kile kile.

Ikiwa ni hivyo, yafaa tuulize: mbona basi viwanda kwa miaka mingi vilikuwa vikinunua vimeng'enya kila siku? Jibu ni kwamba vilikuwa vikivimwaga. Kimeng'enya huyeyuka majini kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi, na hakuna mpishi awezaye kuitoa chumvi yake mchuzini ili aitumie kesho. Kiwanda kilitia kimeng'enya katika pipa, kikangoja kazi imalizike, kisha kikalipasha pipa moto mkali ili kukiua, maana kikiachwa kingeendelea kukata na kuharibu chakula. Kesho yake kilinunua kingine. Kwa vimeng'enya vya bei ndogo hasara hiyo ilivumilika. Kwa vile vya bei kubwa kazi nzima ilikuwa haina faida, na vyakula fulani havikutengenezwa kamwe kwa sababu hiyo tu.

MAKAA YA BWANA NELSON

Dawa ya tatizo hilo ilionekana mapema, nayo ilitoka katika kitu kisichokosekana nyumbani kwetu, yaani makaa. Mwaka 1916 Bwana J. M. Nelson na mwenziwe Edward Griffin, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walikuwa wakichunguza kimeng'enya cha hamira kiitwacho invatesi, ambacho huikata sukari ya miwa katika sehemu zake mbili, glukosi na fruktosi. Walikitia katika maji yenye unga wa makaa, nacho kikanata juu ya makaa. Wakayachuja makaa yale na kuyatia katika maji ya sukari. Wengi wangetazamia kwamba kimeng'enya kilichokwisha kunatwa kingekuwa kama mtu aliyefungwa pingu. La hasha, kilifanya kazi kama kilivyokuwa kikifanya kilipokuwa huru.

Wazo la kukishika kiumbe kidogo mahali pamoja na kukipitishia chakula chake halikuwa geni kabisa. Watengeneza siki wa Ujerumani walilijua tangu mwaka 1823, wakati Schützenbach alipojaza maranda ya mbao katika mapipa marefu, bakteria wa siki wakajishika juu ya maranda hayo, na mvinyo ukamiminwa kutoka juu ukichuruzika polepole hadi chini, huku hewa ikipanda. Mvinyo uliingia juu, siki ikatoka chini, na bakteria wakabaki palepale. Lakini wale walikuwa viumbe wazima wenye kuzaana na kujirudishia nguvu. Kukishika kimeng'enya kitupu, kisicho na uhai wa kujitengeneza upya, ni kazi nyingine.

Ugunduzi wa makaa ulikaa katika vitabu zaidi ya miaka 50 kabla ya kiwanda chochote kuutumia. Miongoni mwa waliouendeleza alikuwamo Ephraim Katchalski wa Israeli, mwanasayansi ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi yake tangu 1973 hadi 1978, na ambaye mwaka 1985 alipewa Tuzo ya Japani kwa ajili ya kazi hii ya kufunga vimeng'enya. Si mara nyingi mkuu wa nchi kusifiwa kwa mambo ya maabarani.

Njia za kukifunga kimeng'enya ni kadhaa, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni ile ya makaa, ya kukinatisha tu juu ya kitu kigumu ambacho wataalamu hukiita kibebeo. Ni njia rahisi na ya bei ndogo, lakini yaliyonata yaweza kubanduka. Maji yakiwa na chumvi nyingi au yakibadilika ukali wake, kimeng'enya huachia na kwenda na maji. Ya pili ni kukifunga kwa kifungo cha kikemia, kama mtu ashonavyo kifungo cha shati badala ya kukigandisha kwa ubani. Kibebeo chaweza kuwa kioo chenye vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, au vipande vya plastiki maalumu. Hapo hakibanduki, ila katika kushonwa vimeng'enya vingine huumia, na sehemu ya nguvu hupotea.

Njia ya tatu ndiyo inayonipendeza mimi mwandishi kuliko zote, maana haikishiki kimeng'enya kwa kitu chochote, bali hukitia ndani ya kizimba. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili. Dema huacha maji na dagaa wapite katika matundu yake, lakini samaki mkubwa hubaki. Kimeng'enya ni molekuli kubwa mno, na sukari ni molekuli ndogo. Ukikiweka kimeng'enya ndani ya tone la ute ulioganda wenye vitundu vya kadiri, sukari itaingia, itakatwa, itatoka, na kimeng'enya hakitapata mlango.

Ute huo aghalabu hutolewa baharini. Mwani hutoa vitu vyenye kuganda, na mojawapo huitwa karajinani. Mwaka 1978 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani iliacha plastiki iliyokuwa ikitumia na kuanza kuwafungia bakteria wake katika karajinani ya namna iitwayo kapa, ili watengeneze asidi ya aspati, ambayo huingia katika utamu wa aspatemu uwekwao katika soda zisizo na sukari. Karajinani ya namna hiyo hutoka katika mwani unaojulikana na wakulima wa pwani ya mashariki ya Unguja kwa jina la kotonii. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kwa bahati mbaya kotonii hauvumilii maji yenye joto, umekuwa ukifa katika maeneo mengi, na wakulima wakabaki na ule mwingine wa spinosamu ambao bei yake ni ndogo zaidi.

Kampuni hiyo hiyo ya Tanabe ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumia kimeng'enya kilichofungwa katika kiwanda, mwaka 1969, chini ya uongozi wa mtaalamu Ichiro Chibata. Kazi ilikuwa kutenganisha asidi amino, yaani matofali yajengayo protini. Zikitengenezwa kwa kemia hutoka mchanganyiko wa pande mbili, kama glavu za mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili wa binadamu hujenga protini zake kwa upande mmoja tu. Kimeng'enya cha kuvu huchagua upande unaotakiwa. Walikinatisha juu ya chembe za kibebeo, wakazijaza katika mnara, na maji ya asidi yakapitishwa mchana na usiku. Kimeng'enya kilipochoka hawakuutupa mnara. Walikinatisha kingine juu ya chembe zile zile. Gharama za kazi zilishuka hadi kufikia asilimia 60 hivi ya zile za zamani. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo hili ni mchezo wa maabara.

MAHINDI YAGEUKA SUKARI

Lakini Japani ilikuwa mwanzo tu. Jambo kubwa lilitokea Marekani, nalo liligusa mifuko ya wakulima wa miwa katika nchi nyingi za dunia, zikiwamo ambazo hazikuwahi kusikia neno kimeng'enya.

Wanga wa mahindi waweza kukatwa kwa vimeng'enya vya bei ndogo hadi uwe glukosi, kama vile kimea kifanyavyo katika uji. Lakini glukosi si tamu ya kutosha. Utamu wake ni pungufu ya ule wa sukari tuitiayo chai. Fruktosi, ambayo ni sukari ya matunda na asali, ni tamu kuizidi. Glukosi na fruktosi zina chembe zile zile na hesabu ile ile, ila mpangilio tu ndio tofauti. Mwaka 1957 Marshall na Kooi huko Marekani walieleza kwamba kiko kimeng'enya cha bakteria kiwezacho kuigeuza moja kuwa nyingine, na katika miaka ya 1960 Yoshiyuki Takasaki wa Japani akapata kile kilicho bora, kinachotengenezwa na viumbe vya udongoni viitwavyo Streptomises. Kampuni moja ya mji wa Clinton katika jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi, ilinunua haki ya kukitumia. Mwaka 1967 ilitoa sharubati yake ya kwanza, na baadaye ikaanza kukitumia kimeng'enya hicho kikiwa kimefungwa juu ya selulosi.

Kwa nini walikifunga? Kwanza, ni cha ghali, kwa sababu hukaa ndani ya mwili wa bakteria na kukitoa ni kazi. Pili, kazi hufanyika katika joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na sukari ikikaa muda mrefu katika joto hilo huanza kuwa ya kahawia na kupata ladha ya kuungua. Katika pipa lenye kimeng'enya kidogo kilichoyeyuka, sukari ingekaa saa nyingi. Katika mnara uliojaa kimeng'enya tele, sharubati hupita haraka na kutoka ikiwa safi. Kilo moja ya kimeng'enya kilichofungwa yaweza kugeuza zaidi ya tani 10 za sukari kabla ya kutupwa.

Askari wanaosoma ukurasa huu wataielewa vizuri namna minara hiyo inavyoendeshwa. Kimeng'enya huchoka kidogo kidogo kwa muda wa miezi kadhaa. Mnara mpya una nguvu, kwa hiyo sharubati hupitishwa kwa kasi. Ukizeeka, msimamizi hupunguza mwendo ili kila tone likae muda mrefu zaidi na kutoka na kiasi kile kile cha fruktosi. Kama minara yote ingejazwa siku moja, yote ingezeeka pamoja na kiwanda kingelala. Kwa sababu hiyo huwa iko mingi yenye umri mbalimbali, mmoja ukitoka mwingine ukiingia, kama walinzi wa zamu katika lango la kambi. Na kabla sharubati haijaingia mnarani huondolewa chokaa iliyomo, kwa kuwa chokaa hukidhuru kimeng'enya hiki, kisha hutiwa magnesi kidogo ambayo hukipa nguvu.

Kinachotoka huwa na fruktosi kama asilimia 42. Haiwezekani kugeuza yote, maana kimeng'enya hicho kinaweza kwenda mbele na kurudi nyuma, na kufikia karibu nusu kwa nusu safari zote mbili huwa sawa. Baadaye walibuni namna ya kuzichuja sukari hizo mbili na kupata sharubati yenye asilimia 55, ambayo katika kinywaji baridi hutambulika kwa shida kuwa si sukari ya miwa.

Wakati uliwasaidia. Mnamo Novemba 1974 bei ya sukari duniani ilipanda hata ikapita senti 60 za dola kwa ratili moja, na kila mwenye kiwanda cha soda akaanza kutafuta badala yake. Bei ilipokuja kushuka, minara ilikuwa imekwisha kujengwa. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa ikiwalinda wakulima wake kwa kuweka kiwango cha sukari ya kigeni iwezayo kuingia, jambo lililoifanya sukari ya miwa iwe ghali nchini humo na sharubati ya mahindi iwe rahisi. Mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi zilitangaza kwamba katika nchi hiyo zitatumia sharubati ya mahindi kwa utamu wote wa vinywaji vyao vikuu. Kati ya 1981 na 1987 sukari iliyoingizwa Marekani kutoka nje ilipungua hata ikawa chini ya nusu.

Waliolipa gharama hiyo hawakuwako Iowa. Mwaka 1985 bei ya sukari duniani ilianguka chini ya senti 4 kwa ratili, na katika kisiwa cha Negros nchini Ufilipino, ambako maelfu ya watu hawakuwa na kazi nyingine ila kukata miwa, watoto walikufa njaa. Sababu zilikuwa nyingi, na utawala mbaya wa biashara ya sukari nchini humo ulikuwamo. Si haki kumtwika kimeng'enya mzigo wote. Hata hivyo ni kweli kwamba chembe ndogo zilizofungwa katika mnara mmoja Marekani ziliweza kupunguza thamani ya shamba la miwa lililo upande wa pili wa dunia. Nchi zetu zinazolima miwa zina sababu ya kuyafuatilia mambo ya maabara.

Kwa afya ya mlaji, sharubati hiyo na sukari ya kawaida hazipishani sana, maana sukari ya miwa nayo hukatwa tumboni ikawa glukosi na fruktosi. Kinachodhuru ni wingi. Nchini Marekani matumizi ya sharubati hiyo kwa kila mtu yalifikia kilele mwaka 1999, na tangu hapo yamekuwa yakipungua. Pamoja na hayo, kugeuza glukosi bado ndiyo kazi kubwa kuliko zote duniani inayofanywa na vimeng'enya vilivyofungwa.

PAPAI, JIBINI NA MAFUTA

Si kila jaribio lilifaulu. Utomvu wa papai, ambao wakulima wa Beni na Lubero katika Kivu ya Kaskazini wameukusanya kwa miaka mingi na kuuza ng'ambo, hutumiwa katika bia; haki ya ubunifu huo alipewa Leo Wallerstein huko Marekani mwaka 1911. Bia ikipozwa sana protini zake huungana na kuifanya iwe na ukungu, na kimeng'enya cha papai huzikata protini hizo. Katika miaka ya 1970 watafiti walikifunga kimeng'enya hicho juu ya magamba ya kamba na kaa, wakapitisha bia juu yake, nayo ikatoka safi. Lakini kwa kuwa utomvu wenyewe si ghali na kiasi kinachotakiwa ni kidogo, watengenezaji wengi hawakuona sababu ya kujenga mnara.

Jibini nayo ilishinda. Kimeng'enya cha kugandisha maziwa kina kazi ya kushambulia madonge makubwa ya protini, na madonge hayo hayaingii katika vitundu vya kibebeo. Palipoonekana maziwa yakiganda, mara nyingi ilikuwa kwa sababu kimeng'enya kilikuwa kimebanduka na kutoroka. Tangu mwaka 1990, viumbe vidogo vilivyobadilishwa urithi wao vilipoanza kukitengeneza kwa bei nafuu, haja yenyewe imepungua.

Mafuta yana habari njema zaidi. Ili mafuta ya maji yagande kama siagi, viwanda viliyatia haidrojeni, na katika kufanya hivyo yalitokea mafuta ya transi ambayo hudhuru moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaondoe mafuta hayo viwandani. Njia mojawapo ya kuyaepuka ni kupitisha mchanganyiko wa mafuta magumu na ya maji katika mnara wenye kimeng'enya kiitwacho laipesi kilichofungwa juu ya silika, ambacho hubadilishana vipande vya mafuta hayo hadi yapate ugumu wa kadiri. Hapo kufunga ni lazima, maana kimeng'enya hakiyeyuki katika mafuta na kingejikusanya madonge chini ya pipa.

MAZIWA NA TUMBO

Sasa tuje kwa jambo linalogusa familia nyingi moja kwa moja. Katika kila lita ya maziwa ya ng'ombe mna karibu gramu 50 za sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuikata, kiitwacho laktesi, lakini kwa karibu theluthi mbili ya watu wazima wa dunia kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya utoto. Laktosi isiyokatwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, na mtu hupata gesi, tumbo kunguruma, kusokotwa na kuharisha. Wengi hudhani wamelishwa maziwa mabovu.

Uchunguzi wa mapema juu ya jambo hili barani Afrika ulifanywa Uganda. Mwaka 1966 Dakta G. C. Cook na Dakta S. K. Kajubi walitangaza katika jarida la tiba la Lancet kwamba upungufu wa kimeng'enya hicho ulikuwa wa kawaida miongoni mwa Baganda, ambao asili yao ni wakulima wa ndizi, na ulikuwa haba miongoni mwa Wahima na Watutsi, ambao asili yao ni wafugaji. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaona kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa badiliko lao wenyewe la urithi, lisilo lile la Wazungu. Basi katika kambi moja, ambamo wamo watu wa kila pembe ya nchi, bilauri moja ya maziwa humnenepesha mmoja na kumkimbiza mwingine msalani, na hakuna kati yao aliye dhaifu kuliko mwenziwe.

Waitalia walikuwa wa kwanza kulitatua jambo hili kiwandani kwa kimeng'enya kilichofungwa. Bwana Dinelli wa kampuni ya Snamprogetti alitumia ufundi wa viwanda vya nguo. Kimeng'enya cha hamira kilichanganywa na selulosi iliyoyeyushwa, ile itengenezayo hariri ya bandia na filamu za picha, kisha kikasukumwa katika matundu membamba na kutoka kama nyuzi. Ndani ya kila uzi mlikuwa na matone madogo yasiyo idadi, na ndani ya kila tone kimeng'enya. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha maziwa cha mji wa Milano kilianza kupitisha maziwa katika nyuzi hizo. Kazi ilifanyika katika baridi ya nyuzi chini ya 10, ambamo kimeng'enya hicho bado hutenda ingawa polepole, na vijidudu vya kuharibu maziwa havizaani upesi.

Baridi hiyo inatuonyesha adui mkubwa wa kazi hii. Maziwa si maji ya sukari. Yana mafuta na protini ambazo huziba vitundu vya kibebeo, tena ni chakula kitamu kwa kila bakteria. Nyuzi zikikaa siku nyingi katika maziwa ni lazima zioshwe kwa uangalifu mkubwa, na dawa nyingi za kuoshea hukiua kimeng'enya. Ndiyo sababu leo, kwa kuwa bei ya laktesi imeshuka, viwanda vingi vya maziwa yasiyo na laktosi vimerudi kwenye njia ya zamani: hutia kimeng'enya kidogo kilichoyeyuka na kukiacha humo humo. Kufunga kumebaki na nafasi zaidi katika maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo hayana mafuta mengi. Kampuni ya Corning ya Marekani, wafanyaji maarufu wa vioo, ilibuni minara ya silika yenye laktesi ya kuvu kwa ajili ya maji hayo, ambayo awali yalikuwa yakimwagwa mitoni na kuua samaki.

Mama mwenye familia hahitaji mnara. Mtu mzima anayesumbuliwa na maziwa aghalabu aweza kuvumilia kikombe kimoja, chenye gramu 12 hivi za laktosi, akikinywa pamoja na chakula badala ya kukinywa tumbo likiwa tupu asubuhi. Mtoto mchanga asiachishwe ziwa kwa hofu ya laktosi. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kupita ya ng'ombe, na mtoto ameumbwa kuyasaga. Ikiwa mtoto anywaye maziwa ya ng'ombe anatoka vipele, anavimba midomo au ana damu katika choo, hayo si mambo ya laktosi, na apelekwe hospitali.

Tena yako maziwa ya mgando, ambayo ni kazi ya vimeng'enya vilivyofungwa iliyokuwako kabla ya Bwana Nelson na makaa yake. Bakteria wanaogandisha mtindi hula sehemu ya laktosi, kisha wale waliobaki hai humezwa pamoja na maziwa wakiwa wamebeba laktesi yao ndani ya miili yao. Ngozi ya bakteria ndiyo kibebeo: huikinga laktesi na ukali wa tumbo hadi ifike katika utumbo, na hapo hufanya kazi ambayo mwili wa mnywaji hauwezi. Maziwa mabichi yachemshwe kwanza ili kuua vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo yatiwe vijiko viwili vitatu vya mtindi wa jana na kufunikwa. Yakisha kuganda yasirudishwe motoni, kwa sababu moto huwaua bakteria hao na kuiharibu laktesi waliyoibeba.